Kibali cha Kasuku Munshi

Jumatatu, 5 Februari

Nimechoka. Naanza na hilo lisije likasahaulika.

Baridi. Lucknow nzima ukungu mpaka saa sita. Sibtain kaja kula kwetu tena. Huyu ni binamu yangu: ana duka la nguo za kutarizi, ana kitambi, na tangu mwezi uliopita ana kasuku mweupe mwenye kishungi, wa kutoka ng'ambo. Leo kaja na cheti cha huyo kasuku. Kimefunikwa plastiki! Kakiweka katikati ya mabakuli ya mchuzi ili tukisome huku tunakula.

Shangazi Qaisar kakisoma chote. Kauliza, je, na Munshi wake anatakiwa awe nacho?

Munshi ni kasuku wa shangazi. Wa kijani, mdomo mwekundu, pete ya waridi shingoni. Mzaliwa wa mwarobaini wa uani kwetu. Alianguka kutoka kiotani hana hata unyoya, shangazi akamlea kwa kijiko. Anajua kusema jambo moja tu, na analisema kwa sauti ya shangazi mwenyewe: "Tauqir! Umelala tena?" Tauqir ni mimi.

Sibtain kafuta vidole. Kafurahi, nimemwona. Akaeleza sheria. Ndege wa ng'ambo unamwandikisha serikalini, unapewa cheti, mambo yamekwisha. Ndege wa hapa nchini hafugwi. Hana kibali, hana cheti, na anayemfuga anashtakiwa. Shangazi kauliza, yaani mgeni anakaribishwa, mtoto wa nyumbani anafukuzwa? Sibtain kasema, "Mimi sikuitunga, shangazi." Kisha kaomba aongezewe wali.

Shangazi hakuugusa wali wake tena. Sibtain alipoondoka kaniita. Kasema mimi ndiye msomi wa nyumba hii (kweli, shahada ya historia, haijanipa kazi mpaka leo), basi nimtafutie Munshi kibali. "Siku serikali ikimchukua Munshi, na wewe beba godoro lako umfuate. Sibtain anakitaka hicho chumba chako aweke marobota."

Miaka arobaini na mitatu, na chumba changu kinategemea kasuku. Haya.

Jumanne, 6 Februari

Nimekwenda ofisi ya misitu, wanaosimamia na ndege. Hata mti mmoja hakuna. Foleni. Karani anamenya karanga na kutupa maganda ndani ya glavu yake ya sufu.

Nimetumia akili. Nimemwambia nina rafiki, na rafiki ana shangazi, na shangazi ana kasuku wa kijani. Rafiki anauliza tu. Karani kasema kasuku wa kijani hana kibali, hajawahi kuwa nacho na hatakuwa nacho. Aletwe. Akiweza kuruka ataachiwa, asipoweza atapelekwa bustani ya wanyama. Halafu kaniuliza kama huyo rafiki anaitwa Tauqir.

Nilishtuka! Kajuaje? Kanionyesha daftari la wageni pale mlangoni. Mwandiko wangu mwenyewe. Jina, mtaa, na kwenye sababu ya kuja nimeandika: kasuku wangu.

Nikaondoka. Sikukimbia. Nilitembea haraka kwa heshima zangu.

Shangazi kauliza imekuwaje. Nikamwambia mambo yanakwenda vizuri.

Jumatano, 7 Februari

Nimepata! Nilikuwa nakunywa chai, ikanijia yenyewe. Sheria inapenda wageni. Basi Munshi awe mgeni. Kwani kuna shida gani?

Nimekwenda duka la kompyuta la pale sokoni. Nimemwandikisha Munshi kama kasuku wa kijivu kutoka Afrika. Fomu ina maswali mengi kuliko mama mkwe. Amefikaje nchini? Nikaandika ni zawadi ya marehemu mjomba aliyefanya kazi Mombasa. Mjomba huyo maisha yake yote hakuwahi kuvuka Kanpur, mji wa jirani tu. Mungu amrehemu, hatakataa.

Mwisho wa fomu wanataka picha ya ndege. Na Munshi ni wa kijani.

Jioni nikapita kwa muuza hina nikanunua piko, ile ya kupakia mvi. Kaniangalia kichwani. Kasema ni vizuri, nimechelewa lakini ni vizuri.

Alhamisi, 8 Februari

Nimeng'atwa kidole gumba, kidole cha kati, sikio.

Nimechanganya piko na majivu ya jiko la mkaa mpaka ikawa kijivu safi kabisa. Mdomo nikaupaka wanja. Mkia nikauchovya kwenye maji ya tambuu, kwa sababu hao wa Afrika mkia wao ni mwekundu. Kazi ya asubuhi nzima. Munshi hakunyamaza hata dakika moja. "Tauqir! Umelala tena? Tauqir! Umelala tena?" Mtu anakukaba roho huku anakuuliza kama umelala!

Shangazi katoka jikoni na mwiko. Lo! Alipiga ukelele mpaka jirani kachungulia juu ya ukuta. Kauliza nimemfanya nini mtoto wake, mbona kama katolewa kwenye dohani. Nimemweleza mpango. Kasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia huu si uongo, hizi ni taratibu. Kaketi karibu na tundu akamwomba Munshi radhi kwa niaba ya ukoo.

Picha imetoka nzuri sana. Nimeituma. Munshi kagoma kula. Hata pilipili mbichi, ambayo shangazi humkatia kikonyo kwanza ndipo ampe, kaitupa chini.

Jumamosi, 10 Februari

Ujumbe kwenye simu. Nilifikiri ni cheti. Nikamwita shangazi aje asikie, nikausoma kwa sauti.

Ombi limepokelewa. Afisa atafika Jumatatu asubuhi kukagua ndege.

Kukagua! Nani aliwaita? (Mimi.) Mtaro wa mtaa wetu umeziba tangu marehemu baba yangu yu hai. Tumeandika barua, tumepiga simu, tumemwendea diwani na sanduku la halua. Hajaja mtu. Kwa ajili ya kasuku wanakuja Jumatatu asubuhi!

Sibtain kajuaje sijui, lakini kapiga simu kunipa pole. Kasema akija kukichukua chumba hatapaka rangi upya, rangi iliyopo inatosha. Bwege.

Shangazi hakunilaumu. Kauliza tu, "Watamchukua?" Nikasema hawatamchukua. Kasema, "Niapie." Nikaapa. Maji yamenifika shingoni.

Jumapili, 11 Februari

Nimeamua kuugua.

Hesabu ni hii. Mwenye ombi akiwa mahututi, nyumba ina mgonjwa, afisa gani ataingia? Ataahirisha. Serikali ikiahirisha, imesahau. Hilo hata mtoto wa shule analijua.

Hata dawa yenyewe ni ya shuleni. Kitunguu kibichi kimoja, unakikata vipande viwili, kila kwapa kipande, unajifunika mfarishi. Joto linapanda. Mwalimu wetu wa hesabu aliwahi kunirudisha nyumbani mara nyingi sana kwa kitunguu.

Nikabugia na chai ya moto kabla ya kuwekewa kipimajoto. Shangazi kakisoma kipimajoto, kakikung'uta, kakisoma tena. Kakaa kitandani. Mkono wake ulikuwa baridi kwenye kipaji cha uso wangu. Nikaona nikoleze. Nikaweweseka kidogo. Nikamwita baba.

Hapo nilizidisha. Baba alifariki Februari, kwa homa, katika chumba hikihiki. Shangazi ni dada yake wa pekee. Sikulikumbuka mpaka lilipokwisha kutoka mdomoni, na likishatoka huwezi kulirudisha.

Kanifunika mfarishi wa pili. Natokwa jasho, nanuka kitunguu. Haidhuru, ni mpaka kesho tu.

Jumatatu, 12 Februari

Sijui niandikeje.

Baada ya sala ya alfajiri shangazi kaingia chumbani taratibu. Nikafumba macho. Nikasikia kitu kinapita juu ya kichwa changu, kinazunguka, kinapita tena. Upepo kidogo usoni. Shangazi ananong'ona dua. Nikajua ananipepea, nikaendelea kukoroma. Halafu, karibu kabisa na sikio: "Tauqir! Umelala tena?"

Sikufumbua macho. Nilitaka ugonjwa uaminike.

Kisha mlango wa uani. Kisha mabawa. Kisha kimya.

Afisa alikuja. Mwanamke wa makamo, koti la kaki, kaingia anapiga chafya. Nimesikia yote kutoka chini ya mfarishi. Shangazi kamwambia mwenye ombi yu hoi. Afisa kasema mwenye ombi hana haja naye, anamtaka ndege. (Kumbe!) Wakaenda uani. Wakasimama mbele ya tundu. Tundu tupu.

Afisa kauliza yuko wapi. Shangazi kamjibu kwamba mtoto wa kaka yake yu mahututi, na homa hii ndiyo iliyomchukua kaka yake, basi alfajiri kamzungushia Munshi kichwani akamwachia huru. Sadaka. Uhai kwa uhai.

Watu wa hapa wakiuguliwa huenda barabarani wakanunua shomoro wa muuza ndege, wakamzungushia mgonjwa, wakamwachia. Shomoro! Hakuna mtu anayemtoa kasuku aliyemlea kwa kijiko.

Afisa kafungua faili lake. Halafu kauliza, kwa faida ya karatasi yake, alikuwa ndege wa aina gani. Nikaomba kimoyomoyo, shangazi, sema Afrika. Kasema, "Wa kijani, mwanangu. Wa mwarobaini huu huu. Hiyo rangi alipakwa na huyu mpumbavu wangu."

Nilisikia afisa anacheka, akapiga chafya, akacheka tena. Kasema basi ndege karudi anakotakiwa kuwa, yeye hana la kukagua. Kaletewa chai. Kabla hajaondoka kasema nikipata nafuu niambiwe kwamba kudanganya kwenye fomu ni kosa, na safari nyingine hatacheka. Pia ninywe tangawizi.

Nimebaki kitandani. Sasa naumwa kweli, ila si homa.

Jumanne, 13 Februari

Nimepona. Shangazi kafurahi mpaka kalia. Kawaambia majirani sadaka imepokelewa palepale, hata kabla ya mchana. Kapika uji wa maziwa, kagawa nyumba hadi nyumba. Kila aliyekula kaja kunitazama.

Kisha kaketi karibu na tundu tupu. Kakata kikonyo cha pilipili, kakumbuka, kaiweka mfukoni.

Kazungumza nami bila kuniangalia. Kasema katika nyumba hii alikuwa na vitu viwili vya kumwamsha asubuhi, na ilibidi achague kimoja. "Sikufikiri sana, Tauqir. Usijivune."

Sijivuni. Nampenda shangazi na sijawahi kumwambia. Nimemwambia chai yake ni nzuri.

Mchana katandua kitanda changu aanike mfarishi juani. Kipande cha kitunguu kikaanguka miguuni pake. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kakiokota. Kakinusa. Kakitafuta kipande cha pili, kakipata. Kasema tu kwamba hivi vimelala pazuri kuliko yeye. Kisha kaenda navyo jikoni, kavitia kwenye dengu.

Hakushuku kitu. Nimetoka salama. Dengu sikuweza kuzila.

Ijumaa, 16 Februari

Nimeshinda juu ya paa. Nimeita, nimepiga mluzi, nimetikisa sahani ya pilipili. Wamekuja kunguru. Nimejaribu hata kuita kwa sauti ya shangazi: Tauqir, umelala tena? Mtaa mzima umeniona mtu mzima nimesimama juu ya paa najiuliza mwenyewe kama nimelala.

Mmojawapo wa walioniona ni Sibtain. Kaja na futi ya kupimia chumba. Kasema neno ni neno, kasuku katoka, na godoro litoke. Sikubisha. Nilikuwa nimechoka kubisha. Nikakunja godoro.

Shangazi kauliza naenda wapi. Nikamkumbusha maneno yake. Kasema, "Nilisema serikali ikimchukua. Serikali haikumchukua. Nimemtoa mimi." Kamgeukia Sibtain, kamwambia akishapima chumba apime na njia ya mlangoni. Sibtain katoka na futi yake inaburuta!

Ningefurahi sana siku nyingine. Lakini shangazi hali chochote. Anapika, anapakua, anatazama uani. Asubuhi anachelewa kuamka. Nani amwamshe? Mimi ndiye niliyekuwa naamshwa.

Nimemwambia nitamnunulia kasuku mwingine, hata kumi. Kasema hataki. Nikamuuliza kwa mzaha, na Munshi akirudi mwenyewe? Kanikemea. Sadaka hairudi. Ikirudi sadaka, na balaa inarudi pamoja nayo. Nisimtaje.

Jumapili, 18 Februari

Nimekwenda soko la ndege. Kutazama tu.

Kwenye kona, juu ya banda la njiwa, tundu dogo limefunikwa gunia. Muuzaji kafunua kama anafunua bibi harusi. Kasuku wa ajabu! Kijivu mgongoni, kijani tumboni, mkia rangi ya kutu. Kasema ni wa Afrika, wa nadra, wapo wawili tu Lucknow nzima. Nikauliza mbona kijani. Kasema ni baridi ya hapa, akizoea atakuwa kijivu chote.

Kasuku kanitazama kwa jicho moja. "Tauqir! Umelala tena?"

Munshi! Muuzaji kasema usishangae, bwana, hicho ni Kikongo.

Nisemeje sasa? Niseme huyu ni wangu? Ni wa kijani, kumfuga ni kosa. Niseme rangi ni yangu? Nimedanganya serikali. Nikaomba apunguze bei, kakataa. Nikamwambia wazi kwamba ile ni piko. Kasema piko ya Afrika ndiyo inayomfanya awe ghali. Nimempa skuta yangu niliyokwenda nayo. Nimemnunua kasuku wetu wenyewe kwa bei ya ng'ambo, nimerudi kwa miguu, na Munshi kanipigia lile swali lake njia nzima. Nilikuwa natabasamu kama zuzu.

Lakini nimedai risiti! Imeandikwa: ndege wa ng'ambo, mmoja, rangi mbalimbali. Ina muhuri.

Limebaki la sadaka. Shangazi akijua ni yule yule, hatalala kwa hofu. Basi asijue. Nikapita kwa kinyozi wangu, akanipa beseni, na manjano ya unga nikanunua mlangoni pake. Tukamsugua, tukampaka. Kawa wa njano kuanzia kichwa hadi mkia. Ndege mwingine kabisa. Kinyozi kang'atwa pua.

Nimeingia uani nikamtangaza: mgeni kutoka Australia. Shangazi kaweka chini sinia la mchele. Kasogea. Mgeni kainua mguu mmoja na kusema lile neno lake moja, kwa sauti ya shangazi.

Shangazi kainama amwone vizuri. Kanitazama mimi, vidole vyangu vya njano, kamtazama ndege. Kisha kasema, "Mgeni wa watu, kaja leo na tabia zako keshazijua."

Kaingia jikoni. Karudi na pilipili mbichi, kikonyo keshakikata. Kamlisha mgeni mpaka ikaisha. Kaketi pale, machozi yanamtoka, kasema ni vitunguu. Hakuwa anakata vitunguu. Usiku kala sahani mbili.

Hajatambua chochote! Ama kweli mimi ni fundi.

Jumatatu, 19 Februari

Nimeamshwa alfajiri kwa kelele. Shangazi naye kaamka. Nimemsikia anacheka uani.

Sasa nimefikiri vizuri. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa nini? Sikuwa na risiti. Sasa ninayo. Nimekwenda duka la kompyuta. Nimemwandikisha: kasuku wa njano, Australia. Amefikaje nchini? Zawadi ya marehemu mjomba. Baada ya Mombasa alihamia Sydney.

Picha imetoka nzuri kuliko ile ya kwanza. Mpaka nafika nyumbani, majibu yalikuwa yamekwisha kuingia. Ombi limepokelewa. Afisa atafika Alhamisi asubuhi kukagua ndege.

Sina wasiwasi. Nimekwenda jikoni nikamwomba shangazi kitunguu kimoja. Hakuuliza cha nini. Kanichagulia kikubwa, na safari hii kanikatia mwenyewe vipande viwili.